Mkono wa Mutinda, Ndani ya Bendi na Nje Yake

Mmeniomba, ninyi mnaobaki katika chumba cha ukaguzi, niwaandikie niliyojifunza katika miaka yangu ya kusikiliza santuri. Sitaandika habari za vyeo. Vyeo vimo kwenye faili, na faili zinasomeka. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, na zaidi ya yote juu ya kosa moja nililolifanya kwa kalamu yangu mwenyewe, kosa lililompokonya fundi mmoja jina lake, na jinsi jina hilo lilivyorudi. Niliyoyashuhudia nitayasema kama niliyoyashuhudia. Niliyosimuliwa, nitamtaja aliyenisimulia. Yale ya "inasemekana" mtayapata kwingine, na bila shaka mnayapata kila siku.

Niliingia kiwandani mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikitokea darasani. Nilikuwa nimefundisha hesabu kwa miaka minne, na ndiyo maana jina la Mwalimu lilinifuata hadi siku ya kustaafu. Nilipanga chumba Mbotela. Kila asubuhi nilivuka reli kwa miguu pamoja na watu wa Makongeni na Kaloleni, na tulipofika Industrial Area tulikutana na kundi jingine lililotoka Mukuru, kila mmoja akikaza mwendo kabla king'ora hakijalia. Kiwanda kilinuka mvuke na plastiki ya moto. Harufu hiyo ilikaa kwenye koti langu hata kanisani, na majirani wa benchi walijifunza kuivumilia kama walivyovumilia uimbaji wangu.

Nilikabidhiwa kwa Mzee Silivano, Mmaragoli mfupi, mzee wa kanisa, ambaye ndiye aliyekuwa akichonga santuri mama. Niwaeleze vijana mliozoea kaseti: kanda kutoka studio ilizunguka kwenye mashine moja, na kwenye mashine ya pili sindano ikachonga mfereji katika sahani laini. Kutokana na sahani hiyo zilitengenezwa chapa za chuma, na chapa ndizo zilizobana plastiki ikawa santuri. Kazi yangu ilikuwa kuketi mwisho wa safari hiyo yote na kusikiliza. Mzee alinipa santuri, akanivika hedifoni, akaenda zake. Nilingoja wimbo. Wimbo haukuja.

"Umesikia nini?" aliniuliza aliporudi.

"Sikusikia kitu, Mzee. Hii santuri haina wimbo."

"Najua haina wimbo. Niliichonga mimi. Nimekuuliza umesikia nini."

Nilirudia mara tatu. Mara ya nne nilisikia mtetemo wa mota ya mashine, chembe mbili za vumbi, na pahali palipobonyea kidogo ambapo palirudi kila mzunguko. Nilipomwambia, aliitikia kwa kichwa. "Sasa unaweza kupewa muziki," alisema. "Ulikuwa hujaweza."

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na brashi ya nywele za mbuzi, lenzi ya sonara, hedifoni nzito iliyoacha alama kichwani kama ya mtu aliyebeba mtungi, na mashine ya kuchezea santuri yenye kigurudumu kidogo cha kurekebisha mwendo. Kigurudumu hicho hatukukigusa. Kilifungwa kwa kipande cha plasta ili mkono wa mtu usikipitie. Santuri niliyoikataa ilisagwa na kurudishwa kwenye mashine. Kwa hiyo msishangae nikiwaambia kwamba nyimbo nyingi za kwaya za miaka ile zilikuwa na chembe za nyimbo za baa ndani yake. Hakuna kasisi aliyewahi kulalamika, kwa sababu hakuna aliyemweleza.

Wakati huo bendi iliyouzika sana kwetu iliitwa Nyuki Band, ya mtaani kwetu Mbotela. Kiongozi wake alikuwa Joashi, mwimbaji mwenye kifua kipana aliyependa kuitwa Kapteni, ingawa hakuwahi kuvaa sare ila ya shule. Gitaa la kwanza lilipigwa na Zakayo Mutinda, seremala wa Gikomba, mwenyeji wa upande wa Machakos. Mutinda alikuwa mgonjwa wa kantri. Kila Jumapili alizisikiliza redioni nyimbo za Kimarekani za wachunga ng'ombe, zile ambamo gitaa huteleza kama mtu anayelia kwa adabu. Alikata kipande cha bomba la shaba, akakisugua kwa tupa hadi kikalainika, akakivaa kidoleni, na kwa bomba hilo akawa anatelezesha mwisho wa kila mstari wa muziki wetu wa kuchezeka. Nililiona bomba hilo mwenyewe. Lilikuwa na mikwaruzo ya kazi ya mikono, si ya dukani.

Santuri za Nyuki zilikuwa ndogo, wimbo mmoja uliogawanywa pande mbili. Upande wa kwanza watu waliimba. Upande wa pili gitaa lilishika usukani na hakuna aliyebaki kitini. Wimbo wao mkubwa, "Reli ya Asubuhi", tuliubana hadi chapa zikachakaa, tukatengeneza nyingine. Gitaa katika wimbo huo lilikuwa jembamba, kali, lenye haraka ya kupendeza, na kila mstari uliishia kwa ule mtelezo, ambao kabla yake palikuwa na kusita kidogo sana, kama mtu anayetazama kizingiti kabla ya kukikanyaga.

Baada ya miaka sita Mutinda alitoka katika bendi. Alinieleza mwenyewe sababu: alitaka nyimbo zisizokatwa katikati ili kugeuza upande. Alirekodi santuri kubwa mbili kwa jina lake, moja baada ya nyingine, akiwa na mpiga besi mmoja na mwanamke wa kuitikia. Nilizikagua zote mbili. Mambo yalikuwa mengine kabisa. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kifuani. Gitaa lilikuwa pana na la polepole, likitembea nyuma ya maneno badala ya kuyaburuta. Aliimba juu ya mama anayengoja barua, juu ya mwendo wa kutoka Dandora kwenda kazini, juu ya mbao inayokataa kunyooka. Bendini alikuwa amejificha ndani ya mbio; peke yake hakuwa na pa kujificha, na hakupatafuta. Kama mngeniuliza ipi bora, ningesema za bendi zina furaha isiyo na mwenyewe, na zake zina huzuni yenye anwani. Lakini hakuna aliyeniuliza ipi bora. Nilikuja kuulizwa swali jingine, baya zaidi.

Watu walianza kusema kwamba aliyepiga gitaa katika santuri za Nyuki hakuwa Mutinda. Walisema ni Joashi aliyepiga studioni, na Mutinda alikuwa akilishika tu gitaa jukwaani. Uvumi huu ulikuwa na ushahidi wa aina ya uvumi: zisikilizeni santuri za bendi, kisha zisikilizeni zake, je, huyu ni mtu mmoja? Joashi, alipoulizwa, hakukanusha. Alicheka na kusema, "Kapteni hufanya kazi nyingi." Jibu kama hilo halina neno la uongo ndani yake, na ndiyo sababu ni baya.

Mambo yalifika ukumbi wa kijamii wa mtaani, Jumamosi moja mchana. Nilikwenda kwa sababu sikutaka kusimuliwa. Walimwekea Mutinda "Reli ya Asubuhi" kwenye mashine ya ukumbi, wakamwambia apige pamoja na santuri. Alikaza nyuzi, zikalia juu ya santuri. Akazilegeza, zikalia chini yake. Ufunguo wa wimbo ule ulikuwa umekaa mahali ambapo hakuna gitaa linalokaa. Alipofikia upande wa pili, vidole vilianza kuachwa nyuma. Uzi mwembamba ulikatika. Nilimwona akiutazama uzi ule kana kwamba ni yeye aliyekatika.

"Fundi!" Joashi alimwita kutoka safu ya mbele. "Hilo ni gitaa, si meza. Halipigwi randa!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kijana mmoja wa Jericho akadakia kwa ile lugha yao ya mitaani, "Buda, rudi Gikomba, mbao zinakulilia!" Mutinda alifunga gitaa lake katika blanketi, akatoka kwa mlango wa upande.

Wiki chache baadaye kiwanda kiliamua kutoa santuri kubwa ya mkusanyiko, nyimbo zote mashuhuri za Nyuki pamoja, na kwa mara ya kwanza lebo ingetaja majina ya wapigaji. Meneja aliniita. "Bwana Makokha," alisema, "wewe umesikiliza watu hawa kuliko mtu yeyote Nairobi. Sitaki maneno ya ukumbini. Niandikie: mkono ni mmoja, au si mmoja?"

Nilifurahi kuulizwa hivyo. Nakiri. Nilijifungia siku tatu na santuri kumi na moja za bendi na zile mbili kubwa. Nilipima urefu wa mistari, nilichora jedwali, nililinganisha sauti ya uzi mwembamba. Ule uzi wa bendi ulilia kama kioo. Ule wa santuri kubwa ulilia kama shaba. Sauti ya Mutinda akiitikia bendini ilikuwa ya kijana. Huku ilikuwa ya mtu mzima, na miaka iliyopita kati yake haikutosha kumkuza hivyo. Nilisikia pia kule kusita kabla ya mtelezo, katika santuri zote kumi na tatu. Mtajiuliza nilifanya nini nako. Niliandika kuwa ni uigaji wa Mutinda. Kisha nikaandika: "Si mkono mmoja," nikatia sahihi.

Kulikuwa na jambo ambalo mwanafunzi wangu wa darasa la tano angeliona. Mutinda alitakiwa apige mbele ya watu ili kuthibitisha kwamba alipiga. Joashi hakutakiwa na mtu yeyote, wala nami. Tulimjaribu mshitakiwa tukamwachia mdai. Hesabu ya namna hiyo ningeikosoa kwa wino mwekundu, lakini siku ile nilikuwa nimeshika wino wa bluu.

Lebo zikachapwa na jina la Joashi. Habari zikafika Gikomba kabla ya santuri. Siku hiyo hiyo mlinzi alinijia chumbani. "Mwalimu, kuna mtu langoni. Amekataa kuketi."

Alikuwa Mutinda, na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Mwalimu, sikuja kugombana," alisema. "Nimekuja kuuliza. Ni kweli uliandika kwamba mkono si wangu?"

"Niliandika nilichosikia."

"Basi niambie ni wa nani. Maana na mimi nimeanza kumtafuta."

Nilimwambia sielewi. Akavua kofia.

"Tangu siku ile ya ukumbi nimejaribu nyumbani. Naiweka ile santuri, nashika gitaa, namfuata yule kijana. Simfikii. Ananishinda kwa mwendo, ananishinda kwa sauti. Mimi nakumbuka nikipiga, Mwalimu. Nakumbuka hata shati nililovaa. Lakini vidole vinanikana. Mke wangu anasema labda nimezeeka. Nina miaka thelathini na minane. Gitaa nimelitundika. Nilitaka tu kusikia kwako, maana wanasema wewe husemi jambo usilolijua."

Nikamjibu kwamba ripoti ni ripoti. Akashukuru, akaenda. Sijawahi kushukuriwa kwa jambo baya zaidi.

Ilikuwa Februari, na joto la mwezi huo kiwandani mnalijua. Siku ya pili yake nilikuwa nikikagua nakala ya majaribio ya ule mkusanyiko, ulionakiliwa kutoka zile santuri ndogo. Nilikuwa nimefungua dirisha, na kwa sababu ya jasho nilikuwa nimesogeza hedifoni ikaziba sikio moja tu. Nje ya dirisha kulikuwa na transfoma ya umeme ya kiwanda, ikivuma kama inavyovuma hadi leo. Katika "Reli ya Asubuhi" kuna pengo fupi ambapo waimbaji wamenyamaza na gitaa halijaingia. Hapo hapasikiki kitu ila amplifaya ya gitaa yenyewe, ikivuma kwa umeme uliomo ndani yake. Sikio la kulia lilisikia mvumo wa santuri. Sikio la kushoto lilisikia mvumo wa transfoma. Na mivumo ile miwili iligombana.

Niliirudisha sindano. Ikagombana tena, ikitetemeka kichwani mwangu kama bati kwenye upepo. Niliweka santuri kubwa ya Mutinda, nikatafuta pengo kama hilo. Mvumo wake na wa transfoma ililala pamoja bila ugomvi.

Sasa fikirini nami. Umeme wa nchi hii huvuma kwa sauti moja, Mbotela au Machakos, kwa bendi au kwa mtu pekee. Hauna rafiki na haupendi muziki. Ukivuma juu kupita kiasi katika santuri, si umeme uliopanda. Ni santuri iliyokimbia.

Niling'oa ile plasta, nikaligusa gurudumu la mwendo kwa mara ya kwanza katika miaka yangu yote. Nilipunguza kidogo kidogo. Mtetemeko ukawa wa polepole, ukawa wa polepole zaidi, kisha ukakoma. Mivumo ikawa mmoja. Nikauacha wimbo uendelee. Kioo kikawa shaba. Kijana akawa mtu mzima. Gitaa likapanuka, likasita kwenye kizingiti, likateleza, na nikajua ninamsikia nani kama ninavyojua hatua za mke wangu uani.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Katika mwezi wangu wa kwanza, kabla sijapewa meza ya ukaguzi, nilikuwa nikimsaidia Mzee Silivano kwenye mashine ya kuchonga. Joashi alikuja na kanda ya wimbo huu huu, peke yake, kwa sababu wenzake walikuwa kwenye kazi zao za mchana. Aliusikiliza mara moja akakunja uso.

"Mzee, huu wimbo unasinzia. Uamshe kidogo, watu wacheze."

Mzee alifungua droo, akanipa utepe wa gundi. Kwenye mashine ya kanda kuna kijiti cha chuma kinachozunguka na kuivuta kanda. Ukikizungushia utepe, kijiti kinanenepa, na kanda inavutwa kwa kasi zaidi. "Mwalimu, zungusha mara mbili, pasiwe na mkunjo," aliniambia. Nilizungusha. Joashi alicheza pale pale kati ya mashine, akapiga kofi, "Sasa huyo ndiye nyuki!" Nilimwuliza Mzee jambo hilo liandikwe wapi. Aliniambia kitabu hakina safu yake. Nilidhani lilikuwa jambo la siku moja. Kumbe, kama mvumo wa santuri nyingine ulivyonionyesha, kwa Nyuki lilikuwa desturi, kila wimbo, miaka sita, na mimi ndiye niliyefanya la kwanza. Nilikuwa nimetia sahihi kwamba mkono si wa Mutinda, kumbe mkono ulioharibu ushahidi ulikuwa wangu.

Lakini kumbukumbu ya mtu, hata yangu, ni uvumi alioufikisha mwenyewe kwake. Nilitaka kanda. Kanda nyingi za zamani zilikuwa zimefutwa na kurekodiwa juu yake, kama ilivyokuwa kawaida. Nilipekua ghala siku nzima, na nikapata moja tu ya Nyuki, nayo haikuwa "Reli ya Asubuhi" bali wimbo wa pili yake. Ilinitosha. Niliipiga kwenye mashine isiyo na utepe, dirisha likiwa wazi. Mvumo ukalala na transfoma. Niliipiga santuri ya wimbo huo huo. Ukagombana.

Nilimtuma mlinzi Gikomba. Mutinda alipofika nilimketisha kwenye kiti changu, nikamvika hedifoni, nikamwekea "Reli ya Asubuhi" kwa mwendo uliopunguzwa. Aliposikia mistari miwili aliinua mkono nisiondoke, ingawa sikuwa nikienda popote. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha aliweka vidole vyake vya kushoto mezani, akawa anavitazama kama watoto waliorudi kutoka safari ndefu.

"Huyu namfikia," alisema.

"Huyu ni wewe."

"Na yule mwingine?"

"Yule hakuwahi kuzaliwa. Nilimtengeneza kwa utepe wa gundi."

Alicheka hadi akafuta macho. Mimi sikucheka, lakini sikumzuia.

Meneja alinisikiliza kwa kichwa kilichoinama. Lebo zilikuwa zimekwisha kuchapwa, alisema, na kiwanda hakiwezi kusema leo hivi na kesho vile kwa sababu ya mvumo wa amplifaya. "Mtu wa kawaida hataelewa transfoma, Bwana Makokha. Joashi akikubali mbele ya watu, nitachapa upya. Asipokubali, tutaacha." Nilimpelekea Joashi maneno hayo. Alijibu kwa sauti ya kusikika barabarani: "Aje apige tena. Mimi nitakaa mbele kama siku ile."

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, ukumbi ule ule. Mafundi wa Gikomba waliibeba mashine yangu ya ukaguzi kwa mkokoteni, wakiwa wameifunika kwa magodoro, na nilitembea kando yake njia nzima. Kwenye kigurudumu nilikuwa nimetia alama mbili za rangi nyeupe, moja kwa mwendo wa kiwandani na moja kwa mwendo wa kweli. Watu walijaa hadi madirishani. Wengi walikuja kucheka mara ya pili.

Nilipanda jukwaani. Sikutoa hotuba. Nilisema tu kwamba leo tutaanza na yule ambaye hakuanza siku ile. "Kapteni, wewe ndiye unayetajwa kwenye lebo. Karibu gitaa. Nitakuwekea mwendo wowote uupendao."

Mama mmoja muuza samaki akasema kutoka nyuma, "Kapteni, si unaitwa? Ama kiti kimekushika?"

Joashi alisimama nusu, akaketi. "Vidole vyangu vimezoea kuongoza," alisema.

"Basi leo vitaongozwa," alisema yule mama, na kicheko, safari hii, kilielekea upande mwingine.

Mutinda alipanda na blanketi lake. Alilifungua gitaa bila haraka, akavaa lile bomba la shaba. Nilianza kwa alama ya kiwandani, ili wausikie wimbo wanaoujua. Wengine walianza kutikisa mabega. Katikati ya mstari nilizungusha kigurudumu hadi alama ya pili, na ukumbi mzima ulisikia wimbo ukishuka, ukipanuka, na Mutinda wa santuri kubwa akijitokeza ndani ya Nyuki kama mtu anayetoka kwenye kivuli cha mlango. Yule kijana wa Jericho alisimama juu ya benchi. "Aisee, ni yule yule!" Nami nikamwashiria aketi, maana hukumu ilikuwa haijatolewa.

Nilirudisha sindano mwanzo, kwa mwendo wa kweli. Mutinda akaingia.

Nyuzi zilikubali mara moja. Hakukaza, hakulegeza. Upande wa kwanza alipiga chini ya waimbaji, kwa unyenyekevu. Tulipogeuza upande wa pili, magitaa mawili yalikimbia bega kwa bega, la santuri na la blanketi, yakisita pamoja, yakiteleza pamoja, hata mimi niliyesimama hatua moja kutoka kwayo sikuweza kuyatenganisha. Mafundi waliacha kupiga makofi ili wasikie. Nilimtazama Mutinda, alikuwa amefumba macho. Nikanyoosha mkono, na katikati ya mbio, mahali gitaa linapopanda juu kabisa, nikainua sindano.

Wimbo haukukatika.

Ulichukua muda kabla ukumbi haujaelewa. Waliona mkono wangu hewani na sindano ndani yake, santuri ikizunguka bure, na gitaa likiendelea vile vile, nyuzi zile zile, kusita kule kule, mtelezo ule ule. Kisha paa la mabati likajibu. Sijawahi kusikia kelele kama ile, na nimefanya kazi miaka mingi karibu na mashine za mvuke. Yule mama wa samaki alipanda jukwaani akamfunga Mutinda leso yake shingoni bila yeye kuacha kupiga. Joashi alisimama, safari hii mzima. Nilidhani anaondoka. Alisogea hadi kwenye kipaza sauti, akavuta pumzi, akamtazama fundi wake wa zamani.

"Gitaa ni la Mutinda," alisema. "Lilikuwa la Mutinda tangu mwanzo. Mimi ni wa kuimba." Akaimba kiitikio, na nitamtendea haki: aliimba vizuri kuliko katika santuri yoyote niliyomkagua, kwa sababu kwa mara ya kwanza hakuna aliyemkimbiza.

Jumatatu niliandika ripoti ya pili: "Mkono ni mmoja," pamoja na maelezo ya utepe, kijiti na mvumo, na jina langu kama aliyezungusha. Meneja alipendekeza ile ya kwanza itolewe kwenye faili ili isituaibishe. Nilikataa. Zimo zote mbili, moja juu ya nyingine, na mkaguzi yeyote kati yenu anaweza kuziomba azisome. Niliomba pia safu mpya iongezwe katika kitabu cha kuchongea, ya mwendo wa kanda. Mzee Silivano, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, ndiye aliyeichora kwa mkono wake.

Mkusanyiko ulichongwa upya kutoka santuri zile zile, zikipigwa kwa mwendo wa kweli, isipokuwa wimbo wa mwisho, ambao Mutinda mwenyewe aliomba uachwe ukikimbia, kwa sababu watu wameuzoea na yeye hana kinyongo na mbio. Santuri yake kubwa ya tatu ilifuata, na humo aliwaalika Nyuki wote wamwitikie. Lebo mpya zilipofika kutoka kwa mchapaji, nilichukua moja kabla haijabandikwa. Jina la Zakayo Mutinda lilikuwa mstari wa pili, chini ya jina la wimbo, kwa herufi kubwa kuliko za jina la kiwanda. Nililipima kwa rula.